Uso Aliouchora Mama

Bango lilikuwa refu kuliko mtu, limebandikwa kwenye kibanda cha kituo cha tramu pale Újezd, mjini Praha, na Dorota Skalická alilipita bila kulitazama. Alikuwa na haraka zake. Mkononi alibeba boksi la vikeki vya harusi, vile vidogo vya jibini na jamu ya plamu ambavyo kila ndugu na kila jirani lazima apelekewe kabla bibi harusi hajaolewa, na hilo lilikuwa boksi la mwisho. Jumamosi anaolewa.

Kisha kitu kikamrudisha nyuma. Lile gauni jekundu la mahameli lenye kiraka kwenye kiwiko alilijua. Taji la shaba alilijua. Ule mkono wa mti uliokosa kidole aliuvunja yeye mwenyewe utotoni, na kofi alilopigwa siku hiyo bado alilikumbuka. Huyu alikuwa Malkia Apolena, kikaragosi mkuu wa ukoo wao wa wachezesha vikaragosi, aliyeazimwa na makumbusho kwa ajili ya maonyesho.

Lakini uso hakuujua.

Ulikuwa uso mweupe, mkavu, wenye mdomo mwembamba. Nyusi zimelala sawasawa. Macho ya kijivu yanatazama mbali, hayana habari na mtu. Kile kidoti cheusi chini ya jicho la kushoto hakipo. Na juu ya kichwa wameandika kwa herufi kubwa: MALKIA APOLENA AMERUDI.

"Amerudi kutoka wapi?" Dorota alisema kwa sauti, na bibi mmoja aliyekuwa akisubiri tramu akasogea pembeni.

Mimi ningekuwa yeye, ningelichana bango lile palepale na polisi wangenikuta ninaendelea. Dorota hakulichana. Aliweka boksi la vikeki kwenye benchi la kituo, akalisahau hapohapo, akaanza kupanda kilima kuelekea makumbusho huku damu inamchemka.

Ingekuwa amefanya mtu mwingine, labda angepiga simu, angefoka, yakaisha. Lakini fundi wa makumbusho yale ni Hynek, mchumba wake, na Hynek na yeye walipendana makumbushoni. Hynek aliishi na mama yake katika nyumba ya vyumba viwili, Dorota aliishi na baba yake mjane, na kahawa ya katikati ya Praha ina bei ya watalii. Basi majira ya baridi yote yale waliingia makumbusho baada ya makumbusho. Ya tramu kuukuu, ya ala za muziki, ya wanasesere kule juu ngomeni, na ile ya ufundi yenye ndege zilizoning'inizwa darini, ambako alimbusu kwa mara ya kwanza nyuma ya kichwa cha treni na mama mlinzi akakohoa.

Hynek alikuwa fundi wa kuhifadhi vitu vya kale. Alikuwa akisimama mbele ya kijiko cha mbao kilichochakaa, akimwonyesha kwa sauti ya chini mahali ambapo kidole gumba cha mwenye kijiko kilikuwa kimekula mti. "Hapa pameshikwa na mtu miaka na miaka," alikuwa akisema. Dorota alimpenda kwa hilo. Alijiambia kwamba mwanamume anayeheshimu alama ya kidole cha marehemu asiyemjua, na yeye atamjali.

Sasa Hynek alikuwa anamsubiri mlangoni pa makumbusho yao madogo, nywele amezichana kwa maji, anatabasamu.

"Mpenzi, umewahi! Zawadi yako ya harusi iko—"

"Usiniite mpenzi. Umemfanya nini?"

Tabasamu likayumba. "Umeshaona bango? Ah, bosi wangu Bi. Vrbová naye! Nilimwambia mabango yasitoke kabla hujamwona mwenyewe."

"Hynek. Nimekuuliza swali. Umemfanya nini Apolena?"

"Nimemrudisha. Njoo ndani umwone, halafu ndiyo uniulize."

Hynek alitaka kumshika mkono, Dorota akauchomoa. Waliingia ukumbini hivyo, yeye mbele, Hynek nyuma anamfuata kwa hatua za mtu asiyejua kosa lake. Na mle ndani, kwenye benchi lililo mbele ya kabati kubwa la kioo, alikuwa ameketi Mzee Bedřich, baba yake Dorota, kofia mapajani. Naye alialikwa kuja kuona zawadi. Hakugeuka.

Mlango wa kabati ulikuwa wazi bado. Malkia Apolena alining'inia humo kwenye ndoano, taa nne zikimmulika, na ule uso wa kigeni ukawatazama wote watatu kwa dharau.

"Rangi zilikuwa zimepakwa moja juu ya nyingine," Hynek alianza, na sauti yake ikapata uhai kidogo, maana hapo alikuwa nyumbani. "Zilikuwa nene, Dorota, zilikuwa zimeuzika uso. Nilikuwa nabaki hapa kila nikimaliza kazi. Kisu kidogo, pamba, dawa, tabaka kwa tabaka. Mpaka siku moja nikafika chini, nikamkuta huyu. Uso aliouchora babu wa babu yako kwa mkono wake! Hakuna mtu aliye hai aliyewahi kuuona. Nikasema, nitampa mke wangu kitu ambacho hakuna mume aliyewahi kumpa mkewe."

"Na uso wa mama yangu?"

"Uso wa...?"

"Uso aliouchora mama yangu, Hynek! Wa juu kabisa! Ule niliokuwa nao! Uko wapi?"

Tramu ikapiga kengele kule chini mtaani.

"Uko kwenye pamba," Mzee Bedřich alisema bila kugeuka. "Nilimuuliza kabla hujafika. Aliupangusa kwa pamba, akaitupa."

Mama yake, Růžena, alikuwa na kidoti chini ya jicho la kushoto, na alipomchora Apolena alimwekea na yeye. Nyusi moja aliipandisha juu, kama alivyoipandisha yake mwenyewe Dorota akidanganya. Mama alipofariki, Dorota alichukua nafasi yake kumchezesha malkia, na kila Jumapili pale kwenye ukumbi wao wa maonyesho, mtaa wa Žižkov, kabla pazia halijafunguliwa, alimgeuza amtazame. "Umelala vizuri?" alikuwa akimuuliza. Hilo hakumwambia mtu, hata Hynek. Angeanzaje?

"Mbona hukuniuliza?" Sauti ilitoka ndogo kwanza, kisha ikapanda. "Neno moja tu! 'Dorota, nataka kumtoa rangi.' Ulishindwa?"

"Ilikuwa zawadi. Zawadi mtu hakuulizi."

"Ukinipa sufuria usiniulize! Ukinipa shumizi usiniulize! Huyu ni wa kwetu!"

"Sikujua ni mama yako aliyechora. Naapa. Nilijua tu kwamba rangi zimerudiwa, na vikaragosi vyote vya kale viko hivyo, watu wanapaka pakiharibika. Kazi yangu ni kuondoa kilichoongezwa ili—"

"Kilichoongezwa!"

Kando ya kabati palikuwa na kikaratasi kilichochapwa vizuri, cha kuwaeleza wageni. Dorota alikisogelea, akakisoma kwa sauti, neno moja moja, na kila neno alilitupa usoni kwa Hynek. "'Uso wa asili, uliopatikana baada ya kuondolewa rangi duni zilizopakwa baadaye na watu wasio mafundi.' Nani kaandika hiki?"

Hynek alitazama chini.

"Si nakuuliza? Nani kaandika?"

"Mimi."

"Watu wasio mafundi. Haya. Mama yangu alisimama nyuma ya lile pazia mpaka mgongo ukamkunjika. Watoto wa nusu ya mji huu walilia kwa sauti yake. Leo anaitwa rangi duni, na anayemwita hivyo anataka Jumamosi avae pete yangu!"

"Dorota, nisikilize. Hajapotea kabisa. Kila hatua nimepiga picha. Uso wa mama yako upo, wazi kabisa, kwa mwanga mzuri. Nitakuletea sasa hivi."

"Picha? Nikitaka picha ya mama ninayo droo nzima! Ule haukuwa picha. Ule ulikuwa mkono wake. Ukiugusa unasikia mahali alipobonyeza brashi. Wewe si ndiye uliyenifundisha mambo ya vidole vya marehemu? Ama vya watu wengine ndiyo vina heshima, vya mama yangu ni takataka?"

Hapo Hynek akaelewa. Dorota aliona kabisa, namna macho yalivyomtoka, namna mkono wake ulivyopanda ukafunika mdomo. Na badala ya kumhurumia, akazidi kumchukia, kwa sababu alikuwa amechelewa kuelewa, na kwa sababu hata katika kuumia kule alikuwa mzuri.

Viatu vya visigino vikalia kwenye sakafu. Bi. Jarmila Vrbová, mkurugenzi, mama mnene mwenye miwani shingoni, aliingia mikono ameitandaza.

"Bibi harusi wetu! Hongera, mwanangu, hongera! Umeshaambiwa? Wale wa kitabu cha watalii wametuweka kwenye makumbusho yanayofaa kutembelewa Praha. Sisi! Miaka yote hii wageni wanapita hapo nje wakienda darajani, hata choo hawaombi. Kesho watapanga foleni, na ni kwa ajili ya uso huu, na mikono ya huyu kijana."

"Wasipange," alisema Dorota. "Namchukua."

"Unamchukua nani?"

"Malkia wetu. Aliazimwa, hakuuzwa. Na huyo kijana na mikono yake nakuachieni, mumweke kwenye kabati badala yake."

Akaivuta pete kidoleni. Ilikataa, kidole kilikuwa kimevimba kwa hasira na kwa kupanda kilima, akaivuta tena mpaka ngozi ikachunika. Akaiweka juu ya kile kikaratasi. "Harusi hakuna."

"Dorota!" Hynek alisema. "Vikeki umeshagawa mtaa mzima!"

"Wavitapike!"

Mimi nasema hakuna mwanamume aliyewahi kutetea penzi lake kwa hoja mbovu kuliko ile, na Hynek mwenyewe alijua mara tu ilipomtoka. Alijishika kichwa. Dorota alikuwa ameshaingiza mikono kabatini, amemtoa Apolena kwenye ndoano, amemkumbatia kifuani.

"Twende, baba."

Mzee Bedřich hakuinuka. Huyu ndiye aliyempinga Hynek tangu siku ya kwanza. "Mtu wa kufungia vitu kwenye kioo!" alikuwa akifoka mezani, akielekeza kijiko dirishani, upande wa makumbusho. "Atakufungia na wewe humo, akuandikie na kikaratasi!" Alikuwa hamwiti kwa jina, akimwita Bwana Glavu, kwa zile glavu anazovaa kazini. Kwa hiyo Dorota alitegemea leo mzee atasimama, atapiga fimbo chini, atasema, si nilikwambia? Alikuwa anayasubiri maneno hayo, na alikuwa tayari kuyakubali.

"Keti kidogo," alisema mzee.

"Siketi."

"Basi simama, lakini sikia. Mama yako alipoingia kwetu, wiki ileile ya harusi nilimkuta jikoni na msasa. Anamkwangua Apolena juujuu ili rangi mpya ishike. Unajua uso uliokuwepo ulikuwa wa nani? Wa mama yangu. Alikuwa ameshazikwa. Wenye sanaa yetu ndivyo wanavyofanya, mwanamke anayeingia ndani ya nyumba anamchora malkia upya, nililijua tangu utotoni. Lakini kulijua ni kitu kimoja. Nilipoona vumbi la mama yangu mezani pale, pembeni ya viazi, nilimwambia Růžena maneno ambayo sitayarudia mbele ya bibi huyu."

Bi. Vrbová akavaa miwani.

"Nilimnunia mpaka theluji ikaanguka," mzee aliendelea. "Nakula peke yangu, nalala nimegeukia ukuta. Kwa hiyo mwanangu, usidhani sijui unachokisikia. Nakijua mpaka kwenye mfupa."

"Hukijui, baba. Si sawasawa." Dorota alisogea mbele ya benchi. "Mama alifuta, lakini alichora! Alimfuta bibi akajiweka yeye. Alitoa uso akaweka mwingine. Huyu kafuta, akaacha. Kafuta watu wetu wote, akaenda chini mpaka kwa mtu ambaye hata wewe hukumjua, akasema huyo ndiye wa kweli, wengine wote uchafu. Halafu akanawa mikono!"

"Ndiyo," alisema mzee. "Ndiyo hivyo."

Dorota alimgeukia Hynek. Wazo lenyewe lilimjia akiwa na hasira, na alilisema ili kumkomoa, maana alijua hawezi.

"Mchore."

"Nini?"

"Unataka kuingia kwetu? Anayeingia ndiye anayechora. Mchore. Hapa, sasa hivi."

"Mwanamume?" Mzee Bedřich aliuliza, kofia ikamdondoka.

"Wamekwisha wanawake, baba. Nimebaki mimi, na mimi siingii, nimezaliwa humo. Anayeingia ni huyu."

Hynek alikuwa amekuwa mweupe. "Dorota, hujui unachoniomba. Kupaka rangi juu ya uso wa zaidi ya miaka mia... Nilikula kiapo, nilisomea hilo. Mtu wa kazi yangu akifanya hivyo amejiua."

"Najua ninachokuomba. Uliweza kumfuta mama yangu. Huwezi kumharibu mgeni?"

"Bwana Hynek," Bi. Vrbová alisema, na utamu wote ulikuwa umemkauka. "Nisikuone hata unafikiria. Ukiugusa uso huo kwa brashi, funguo zako unaziacha mezani, na hakuna makumbusho Ulaya nzima yatakayokupa hata ufagio."

Hynek aliwatazama wote, mmoja baada ya mwingine. Kwa Dorota macho yalikaa zaidi, yakamwomba, na yeye akayakataa. Kisha akageuka, akatoka kwa mlango wa nyuma wa ukumbi, na mlango ukajifunga.

"Kakimbia," alisema mzee. Sasa ndiyo alisema, lakini hakuwa na furaha nayo. "Bwana Glavu kakimbia."

Dorota alibaki amesimama na malkia kifuani. Alikuwa ameshinda. Alijaribu kuifurahia hasira yake na ikamponyoka, ikabaki hofu tupu, kwamba kweli ameondoka, kwamba majira ya baridi yanakuja na hatakuwa na mtu wa kusimama naye mbele ya kijiko cha mbao. Pumbavu, alijitukana. Pumbavu mkubwa wewe, unamlilia mtu aliyemtupa mama yako na pamba.

Mlango wa nyuma ukafunguka. Hynek alirudi na sinia la rangi, brashi zimebanwa kwapani, na mdomoni ameshika bahasha kwa meno. Alivuta meza mbele ya kabati, akashusha vyote, kisha akatoa funguo mfukoni akaziweka pembeni, mbele ya Bi. Vrbová. Bi. Vrbová alizitazama funguo zile, akavua miwani, akaketi kwenye benchi karibu na mzee kana kwamba amesukumwa.

Kutoka kwenye bahasha Hynek alichomoa picha, akaiegemeza kwenye kopo la brashi. Na hapo, kwa mwanga mzuri, alikuwepo. Nyusi moja juu. Kidoti. Mdomo unaotaka kucheka.

"Nitamrudisha," Hynek alisema. "Kila mstari. Naweza kumwiga mpaka usijue. Nipe siku chache tu."

Dorota alimlaza Apolena mezani. Aliitazama ile picha, akaitazama mpaka ikawa haionekani tena kwa machozi. Kulikuwa na neno moja tu la kusema, ndiyo, na angempata mama yake tena kila Jumapili nyuma ya pazia. Angemuuliza kama amelala vizuri. Na angekuwa anamuuliza Hynek.

Aliichukua picha, akaigeuza chini.

"Mama hakumwiga bibi," alisema. "Chora wako."

"Sijui wangu ukoje."

"Hata yeye alikuwa hajui."

Hynek alichovya brashi. Ule mkono uliosifiwa kwenye vitabu vya wataalamu ukashuka, na brashi ilipogusa uso Bi. Vrbová alitoa sauti ndogo kama amechomwa sindano. Mstari wa kwanza ulipinda. Ulikuwa wa nyusi nene, ya kahawia, umeanza vizuri ukaishia karibu na sikio. Haukuwa wa mama, haukuwa wa bibi, haukuwa wa yule wa zamani. Mzee Bedřich aliinuka, akaja kuuinamia.

"Mbaya," alisema. "Mbaya kabisa." Akavuta pumzi puani kwa nguvu, akatafuta leso. "Wa Růžena siku ya kwanza ulikuwa mbaya zaidi."

Hynek aliacha brashi hewani. Machozi yalikuwa yanamshuka mpaka kidevuni na hakuwa na mkono wa kuyafutia. "Dorota," alisema, "umenisamehe?"

"Sijakusamehe. Usinisemeshe." Alivuta kiti, akaketi ng'ambo ya meza, akamshikia kichwa cha malkia kwa mikono yote miwili ili kisicheze. "Chora jicho. Na lilia pembeni huko, rangi yetu ni mbichi."